Kamusi Elezo Isomwayo kwa Siri na Walimu

Mzazi mwenye mwana chuo kikuu huenda amepata kumsikia akilalamika kwamba mhadhiri kamrudishia kazi yake kwa sababu moja tu: katika marejeo aliitaja Wikipedia, ile kamusi elezo ya mtandaoni ambayo yeyote aweza kuiandika na kuisahihisha. Hatumlaumu mhadhiri huyo. Tunachotaka kukitazama ni kile wakifanyacho walimu wenyewe wakiwa peke yao.

Kamusi elezo hiyo ilianza Januari 2001, na toleo lake la Kiswahili likafuata 2003. Hofu ya vyuo ilidhihiri mapema. Katika chuo cha Middlebury, jimbo la Vermont, Marekani, mwalimu wa historia ya Japani alikuta wanafunzi kadhaa wameandika kosa lile lile: kwamba mapadri wa Kijesuiti waliunga mkono uasi wa Shimabara wa 1637, hali ya kuwa Japani ilikwisha kuamuru mapadri wa kigeni wafukuzwe tangu 1614. Chimbuko la kosa likaonekana kuwa Wikipedia. Mwanzoni mwa 2007 idara yake ikapitisha kwamba isitajwe tena kuwa rejea. Wengi waliosikia walidhani chuo kimepiga marufuku kuisoma. Sivyo. Mwanafunzi aliruhusiwa kuisoma ili apate njia ya kufikia vitabu. Lililokataliwa ni kuisimamisha kama shahidi.

Uamuzi huo twauona wa haki. Hata Jimmy Wales, mmoja wa waanzilishi wake, amewahi kuwaambia wanafunzi wa vyuo vikuu wasiitaje kuwa rejea. Wala si kwamba imejaa uongo: mwaka 2005 jarida la Nature lililinganisha makala 42 za sayansi, likakuta Wikipedia ina wastani wa makosa manne hivi kwa kila makala, na Britannica, iandikwayo na mabingwa, matatu. (Britannica waliupinga vikali ulinganishi huo.)

La kustaajabisha zaidi limetoka Barcelona, Hispania. Watafiti waliwauliza wahadhiri wa vyuo viwili, Universitat Oberta de Catalunya na Universitat Pompeu Fabra, na 913 wakajibu. Aghalabu yao waliisoma na kuiona nzuri, lakini waliothubutu kuitumia darasani walikuwa wachache. Walimu wa sayansi na uhandisi waliikubali kwa wepesi kuliko wenzao. Na jambo mojawapo lililowaelekeza lilikuwa ni wenzao watasemaje: aliyeamini kuwa wenzake wanaithamini ndiye aliyekuwa mwepesi wa kuiingiza katika masomo.

Basi mwalimu huisoma faraghani, na hadharani hunyamaza. Kimya hicho ndicho tunachokilalamikia. Mwanafunzi ataisoma tu, akatazwe asikatazwe, kwani imo katika simu yake. Tofauti ni kwamba ataisoma bila ya kufundishwa. Hatajua kuwa kila ukurasa una historia yake, inayoonyesha kila badiliko, wakati lilipofanywa na aliyelifanya, au kwamba upo ukurasa wa majadiliano ambamo waandishi hubishana. Hatashuka chini kwenye marejeo kuona kama neno lina msingi. Sisi tuliolelewa madrasani tulizoeshwa kuuliza neno limepokewa kwa nani kabla ya kulikubali. Ajabu ni kwamba chombo hiki kimeliweka jibu wazi, na mwanafunzi haonyeshwi pa kulitazama.

Wako wahadhiri Marekani na Canada waliochukua njia nyingine: huwapa wanafunzi kazi ya kuandika makala humo, kwa marejeo, mbele ya wasomaji ambao hawatawaonea haya. Anayefutiwa sentensi yake kwa kukosa ushahidi hujifunza upesi. Toleo la Kiswahili ni dogo mno likilinganishwa na la Kiingereza, na wahadhiri wa pwani yetu wanao wanafunzi waijuao lugha tangu utotoni.

Nanyi wazazi, mwana akirudi likizo, mwambieni afungue ukurasa wa Lamu au wa Mombasa, kisha akuonyesheni ni nani aliyeuandika na kwa ushahidi gani.