Eshapma ya moto ya Kichina: nguvu inaongezeka kweli ao ni makelele tu?



Juzi usiku, saa tatu hivi, moto moja ilipita kwetu Nyakasanza. Kijana akafika kwenye mteremko, akaacha gazi, na ile eshapma yake iliyokatwa ikapiga: pa! pa-pa! Mama jirani alizima taa na kuwalaza watoto chini. Hakuna mutu aliyecheka. Mji huu ulisikia risasi za kweli miaka mingi, na Mei 2021 mkoa wetu wa Ituri uliwekwa chini ya watawala wa kijeshi. Mutu akisikia mlio kama ule, haulizi kwanza kama ni moteri.

Kesho yake nilimuuliza yule kijana juu ya nini aliikata. Akajibu: « Kaka, sasa inavuta! » Hapo ndipo nikaona tuzungumze, maana hata sisi wenye diploma tunaamini hivyo. Mimi pia niliamini.

Tuanze na moteri yenyewe. Moto nyingi za Kichina za 125 tunazopanda zinafuata mpango wa Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976: silinda moja, nguvu ya farasi 10 ao 11. Supapi ya kutoa moshi ikifunguka, gazi ya moto inatoka kwa kishindo. Kishindo hicho kinakimbia ndani ya tiyo mita 500 mpaka 600 kwa sekunde moja. Kikifika mahali tiyo inapopanuka, sehemu yake inageuka na kurudi nyuma kama mvuto. Mvuto huo ukifika kwenye supapi saa inayofaa, unasaidia kufyonza moshi uliobaki, hewa mpya inaingia vizuri. Kwa hiyo kitu cha maana ni urefu na upana wa tiyo, si makelele.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme tiyo ina sentimita 80 mpaka kwenye silansie. Kwenda na kurudi ni mita 1.6, karibu sehemu 3 za elfu moja ya sekunde. Moteri ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua sehemu 7.5 za elfu. Mvuto unarudi karibu na nusu ya mzunguko. Ikizunguka mara 4,000, mzunguko unachukua sehemu 15, na mvuto uleule unarudi mapema sana, kwenye tano moja ya mzunguko. Maana yake, tiyo moja haiwezi kufaa mwendo wote. Ile ya mashindano inatafuta mizunguko mingi. Na wewe mwenye kubeba watu wawili na gunia la makala kwenye mlima unatumia mizunguko gani? Ya chini. Ukikata hovyo, unaweza kupoteza nguvu palepale ulipoihitaji. Lakini sikio linasema « inavuta », kwa sababu inalia.

Halafu kuna karbirateri, na hapa wengi wanaharibu moteri. Moshi ukitoka kirahisi, hewa nyingi inaingia, lakini jikleri imebaki ileile, esansi haiongezeki. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, moteri inapata joto. Jikleri ina namba ndogo iliyopigwa juu yake, 95, 98, 100. Ukibadilisha eshapma, panda hatua moja ao mbili, kisha soma bujie. Rangi ya kahawia ni sawa, nyeupe ni hatari, nyeusi kama masizi ni esansi nyingi.

Kwetu kuna jambo lingine ambalo vijana wa pwani hawana. Bunia iko karibu mita 1,275 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko kule chini. Karbirateri iliyopangwa kwa nchi ya chini, hapa inatoa esansi nyingi kidogo. Kwa hiyo ukifungua eshapma bila kugusa jikleri, unaweza kutembea Bunia vizuri tu na kusema mekanisia ni fundi kweli. Siku unashuka Bogoro mpaka Kasenyi, kwenye ziwa Albert, umeteremka zaidi ya mita 600, hewa imekuwa nzito, mchanganyiko unazidi kuwa mwepesi, na moteri inaanza kuchemka. Ndivyo nilivyounguza supapi yangu. Bujie ilikuwa nyeupe kama chokaa. (Nilikuwa nikipeleka mbegu za maharagwe; zilifika na siku mbili za kuchelewa, mvua imekwisha kuanza.)

Ile milio ya pa-pa wakati wa kuacha gazi nayo inatoka hapo: esansi isiyoungua inakutana na hewa ndani ya tiyo ya moto, inawaka. Mara nyingi hata si sababu ya kukata. Ni jointi ya shaba kati ya silinda na tiyo imechoka, hewa inaingia pale. Jointi ni kitu cha bei ndogo. Mimina mafuta kwenye buloni usiku mzima mbele ya kufungua, la sivyo zinavunjikia ndani ya silinda na hapo utalia.

Na masikio? Kiwango kinachotumiwa sana kwa wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja. Motari wetu anaanza alfajiri na kurudi magharibi.

Ukitaka kweli moto ivute mlimani, angalia pinyo ya mbele. Ukitoa ya meno 15 na kuweka ya meno 14, nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu inaongezeka karibu asilimia 7. Utapoteza mwendo wa mwisho kwa kiasi hichohicho, lakini na mashimo ya barabara zetu, nani anaufikia? Silansie iliyotoboka kwa kutu, peleka kwa sudere aizibe, aache vizuizi vya ndani mahali pake.

Mimi nilirudi garaji kutafuta eshapma yangu ya zamani. Walikuwa wameikata vipande, wametengeneza nayo miguu ya mbabula. Nikanunua ya okazyo pamoja na jointi mpya, nikaweka pinyo ya 14. Kasenyi nimekwenda mara tatu tangu hapo, na bujie imebaki kahawia.