Je, Wajua? Mnazi wa Babu

Je, wajua kwamba kwa desturi za Pwani, shamba linaweza kuwa na mwenyewe na mti uliomo ukawa na mwenyewe mwingine? Kabla Chamazi haijajaa nyumba na uwanja wa Azam Complex, huku kusini mwa Temeke yalikuwa mashamba: minazi, mikorosho, miembe, mihogo. Mnazi mrefu wa kienyeji huchukua miaka 6 au zaidi kuanza kuzaa, kisha huzaa kwa miaka 60 na kupita. Babu aliupanda akijua watakaozifaidi nazi ni wajukuu.

Sogelea mnazi mkongwe uliobaki uani mwa mtu. Utaona mapengo yaliyochongwa kwa panga, moja juu ya jingine, mpaka kwenye makuti. Ndiyo ngazi ya mkwezi, na jina lake ni vidato. Neno lile lile tunalolitumia shuleni, kidato cha kwanza hadi cha sita. Kingo za vingine zimelainika kwa nyayo za watu waliokwisha kufariki. Kama bibi yako yu hai, mpeleke chini ya mti huo akutajie nani alichonga, kabla haujaangushwa kupisha msingi wa nyumba.