Amigdali za mtoto: askari wa kooni wanaoikumbuka korona

Zile nyama mbili zinazoonekana kushoto na kulia mtoto anapofungua kinywa, ambazo wanganga huziita amigdali, hazikuwekwa pale bure. Utafiti uliofanywa Marekani wakati wa korona umeonyesha kwamba ndani yake mwili wa mtoto huhifadhi kumbukumbu ya virusi uliopigana navyo.

Kwa wazazi wa Kabondo-Dianda, katika jimbo la Haut-Lomami, hilo si jambo la mbali. Mtoto akiugua koo mara kwa mara, swali huwa lilelile: zikatwe au ziachwe?

Amigdali zina wenzake, tezi zilizojificha nyuma ya pua, ambazo hazionekani kwa macho. Kwa pamoja zinalinda njia ya hewa na chakula. Zina vishimo vidogo vinavyonasa vijidudu, na humo chembe za kinga hujifunza kuvitambua na kutengeneza silaha za kuvipiga, yaani kingamwili. Tezi hizi huwa kubwa katika miaka ya kwanza ya utoto, kisha hupungua mtoto anapokua.

Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Marekani na hospitali ya watoto ya Washington walichunguza damu na tezi za watoto 110 waliokuwa wamefanyiwa upasuaji wa kuziondoa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amechanjwa korona. Watoto 24 walikutwa na dalili kwamba virusi vilikwisha kupita mwilini mwao. Katika tezi zao zilipatikana chembe zenye kumbukumbu ya korona, zikiwa bado kazini baada ya ugonjwa kupita. Matokeo hayo yalichapishwa katika jarida la Nature Immunology.

Korona iliingia pua na koo kwanza, na watoto wengi hawakuzidiwa kama watu wazima. Utafiti huu hausemi kwamba amigdali peke yake ndiyo sababu, lakini unaonyesha kwamba zimo katika vita hivyo.

Kuna ushahidi wa zamani pia, nao unaigusa Haut-Lomami, jimbo lililokumbwa na mlipuko wa polio mwaka 2017. Mwaka 1971 Dr Pearay Ogra, aliyefanya kazi Buffalo, Marekani, alichapisha uchunguzi wa watoto waliokuwa wamepewa chanjo ya polio ya matone. Baada ya kukatwa tezi hizo, kingamwili za polio katika njia yao ya pua na koo zilishuka mara tatu hadi nne.

Hiyo haina maana kwamba upasuaji ni mbaya. Mtoto anayekoroma sana na kukatikiwa pumzi usingizini anaweza kuuhitaji. Vilevile, wanganga hufikiria upasuaji kwa mtoto aliyeugua koo kwa ukali mara 7 au zaidi katika mwaka mmoja. Aliyekatwa habaki bila ulinzi, kwani mwili una sehemu nyingine nyingi za kinga. Lakini uamuzi ni wa mganga aliyempima mtoto, na kazi ni ya chumba cha upasuaji. Kukatiwa nyumbani kwa wembe kunaweza kumletea mtoto damu isiyokoma na maambukizi.

Kwa koo la kawaida, njia ni ya karibu zaidi: kituo cha afya. Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi na hupona yenyewe. Yale yanayoletwa na bakteria huhitaji dawa, na dawa hizo zimalizwe hata kama mtoto amepata nafuu siku ya pili. Yakiachwa bila matibabu, baadhi huweza kuharibu moyo wa mtoto kwa maisha yake yote.

Mtoto akishindwa kumeza hata mate, akipumua kwa shida au shingo ikivimba, asisubiri kesho.