Maji ya Mgeni Yanalala Wapi?

Basi lililotoka Mbeya alfajiri linapokaribia Nyololo, abiria huwa wameanza kujinyonganyonga kwenye viti. Konda anagonga bodi ya gari, dereva anapunguza mwendo, na sauti inatoka mlangoni: "Wanaochimba dawa, dakika tano!" Wanaume kushoto, wanawake kulia, kila mtu na mti wake wa msindano. Serikali imekwisha kuipiga marufuku desturi hii ya kujisaidia porini, na mabasi mengi siku hizi husimama penye vyoo vya kulipia, lakini anayepita kwa miguu kando ya barabara kuu kati ya Mafinga na Makambako bado anaona karatasi, na chupa za plastiki zenye maji ya njano yasiyo soda.

Naanza na basi kwa sababu gari ninalotaka kulizungumzia ni la aina nyingine, na sipendi msomaji adhani kwamba lenyewe ndilo lenye kosa peke yake. Nazungumzia gari-nyumba: gari lenye kitanda, jiko, sinki na mara nyingi choo ndani yake. Kiangazi kikianza, tunayaona magari haya kwenye barabara hiyo kuu ya TANZAM yakiteremka kwenda mipakani, Tunduma na Kasumulu, mengine yakiwa na safari ya kufika Cape Town. Zamani yalikuwa ya wageni watupu. Sasa nakutana na Watanzania pia, waliong'oa viti vya Hiace wakaweka godoro, jiko la gesi na tangi la maji.

Mwaka mmoja nilikuwa nimelala kwa wenyeji wangu pale Nyololo, jioni likaja gari la namna hiyo. Mume na mke wakashuka, wakasalimia "Kamwene!" kama walivyofundishwa njiani, wakaomba nafasi ya kuegesha hadi asubuhi. Mama mwenye nyumba alifurahi, akawaonyesha uwanja karibu na banda la kuni. Asubuhi, kabla ya kuondoka, yule bwana aliinama chini ya gari akafungua koki. Maji ya rangi ya majivu, yenye mapovu, yakatoka kwa dakika kadhaa, yakaufuata mfereji wa mvua hadi bondeni. Wakaaga kwa heshima zote, wakaenda.

Mama hakusema neno mbele yao. Mgeni ni mgeni. Walipokwisha kuondoka ndipo akanigeukia: "Mwanangu, wewe uliyesomea mambo ya vyoo, yale maji yana nini?"

Aliuliza kwa sababu bondeni kuna vinyungu vyake. Msomaji wa pwani huenda hajui neno hili: vinyungu ni bustani za mabondeni, zinazolimwa kwa matuta wakati wa kiangazi kwa kutumia unyevu unaobaki kwenye udongo. Mvua zinapokatika Mei na mashamba ya juu kukauka, mboga, maharage na mahindi mabichi hutoka huko. Chochote kinachomwagwa juu ya mlima hushukia kwenye sahani ya mtu.

Gari-nyumba linapokea maji kwa mdomo mmoja na kuyatoa kwa miwili. Maji ya sinki na ya kuogea huingia kwenye tangi chini ya gari, mara nyingi la lita 50 hadi 100. Hayo nitayaita maji ya sabuni. Maji ya choo hukaa peke yake, kwenye boksi la kuchomoa lenye ujazo wa lita 20 hivi, ambalo watu wawili hulijaza kwa siku mbili au tatu. Yule bwana alimwaga maji ya sabuni. Pengine aliamini hayana neno, kwani hakuna kinyesi ndani yake.

Ndani yake kuna mafuta ya chapati, punje za wali, maziwa yaliyosuuzwa kikombeni, jasho, nywele, dawa ya meno na sabuni. Katika kijito, hicho ni chakula, na walaji wake ni bakteria. Wakipata chakula kingi huzaliana upesi, na kila mmoja anavuta hewa ya oksijeni iliyoyeyuka majini. Kijito kikubwa chenye maporomoko kinaivuta hewa nyingine upesi. Kijito cha Septemba kilichobaki na upana wa hatua moja hakiwezi. Samaki wadogo, viluwiluwi na wadudu wa majini hukosa pumzi, matope yanageuka meusi na kunuka. Lita 80 zikimwagwa siku moja hazikiui kijito. Lakini sehemu nzuri ya kuegesha hujulikana, msafiri humwambia msafiri, na baada ya msimu mmoja mfereji uleule unakuwa umepokea magari mia.

Kuna sabuni zinazouzwa kwa sifa ya kuoza zenyewe. Sifa hiyo ni ya kweli, ila imepungukiwa nusu. Sabuni hiyo huoza upesi na vizuri kwenye udongo, kwa kazi ya wadudu na vijidudu vya udongo. Mtoni inaoza kwa kula oksijeni ileile ya samaki, na kabla haijaoza inaweza kuunguza ngozi laini ya chura na mashavu ya samaki. Kwa hiyo kuoga mtoni kwa sabuni "ya asili" ni kuoga mtoni kwa sabuni.

Mpangilio wa mito ya Mufindi, wilaya yenye Nyololo, unalifanya jambo hili liwe zito kuliko linavyoonekana. Upande mmoja wa wilaya, Mto Ndembera unaelekea ardhioevu ya Usangu na kuingia Ruaha Mkuu. Ruaha Mdogo nao unaanzia milima ya wilaya hiyohiyo, na mji wa Iringa unachota maji yake humo. Upande wa pili, Kihansi unaporomoka ukingoni mwa milima kwenda bonde la Kilombero. Ruaha Mkuu na Kilombero yote huishia Rufiji. Ukimwaga kushoto mwa barabara au kulia, maji yako yana safari ya kwenda bahari moja, na njiani yatachotwa, yatanyweshwa mifugo, yatamwagilia mpunga. Na Ruaha Mkuu wenyewe, tangu 1993, umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kwa sababu ya maji kutumika zaidi huko juu. Mto uliopungukiwa maji hauna cha kuzimulia uchafu.

Basi maji ya sabuni yaende wapi? Yaende kwenye udongo, mbali na kijito. Tazama nyuma ya bafu za nyumba zetu nyingi: utakuta migomba imestawi penye bomba la kutolea maji. Wazee waliopanda hapo walikuwa wanajua kazi ya udongo. Udongo unachuja mabaki, vijidudu vyake vinaimeng'enya sabuni, mizizi inakunywa kinachobaki. Kinachotakiwa ni kuupa muda na nafasi: mwaga kidogokidogo, tandaza kwenye majani, usirudie palepale kila siku, usitumie mfereji. Kabla ya kuosha sufuria, ipanguse kwa karatasi. Mafuta yanaziba vitundu vya udongo kama yanavyoziba bomba la nyumbani. Chuja punje kwa kitambaa uzitupe na takataka nyingine, la sivyo usiku mbwa na panya watakuja kufukua. Kuhusu umbali, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa dhidi ya shughuli zinazoweza kuuharibu. Wapiga kambi wa nchi nyingine nao hufuata kipimo kinachokaribiana sana na hicho, hatua 70 au 80 za mtu mzima. Na muulize mwenye ardhi kwanza. Hilo la kuuliza ni la heshima, lakini pia ni la kitaalamu: yeye anajua mvua ikinyesha maji ya uwanja wake yanapita wapi, wewe hujui.

Maji ya choo ni habari nyingine kabisa, na hapa sina upole.

Mtu anaweza kubeba vimelea vya kipindupindu asiumwe hata tumbo. Wengi wanaoambukizwa hawaonyeshi dalili yoyote. Vimelea vya homa ya matumbo hivyohivyo. Mayai ya minyoo hukaa hai kwenye udongo kwa miaka. Barabara hii inaunganisha Dar es Salaam, ambako mlipuko mkubwa wa kipindupindu ulianzia Agosti 2015 na kuenea karibu nchi nzima, na mipaka ya Zambia na Malawi. Malawi ilipoteza watu zaidi ya 1,700 kwa ugonjwa huo katika mlipuko ulioanza 2022, Zambia zaidi ya 700 katika ule ulioanza Oktoba 2023. Boksi la choo lililojazwa upande mmoja wa mpaka na kumwagwa upande wa pili linafanya kazi ambayo ugonjwa usingeweza kuifanya kwa miguu yake.

Kwa hiyo boksi humwagwa chooni. Mahali pengine ni makosa: mtaroni, kwenye korongo, kwenye pipa la taka, kwenye shimo la mchanga. Lakini hata chooni kuna cha kuuliza, kwa sababu wasafiri wengi hutia ndani ya boksi dawa ya buluu ya kuondoa harufu. Baadhi ya dawa hizo zina fomalini au viuavijidudu vingine. Karo la nyumbani ni kiumbe hai: bakteria walio ndani ndio wanaokula kinyesi na kukigeuza maji na tope kidogo. Huku nyanda za juu, baridi ya Juni na Julai tayari inawafanya wawe wazito. Ukiwamwagia lita 20 zenye dawa, unaweza kuua wafanyakazi wengi wa karo. Miezi michache baadaye mwenyeji huenda akalipa gari la kunyonya maji taka kabla ya wakati, asijue kwa nini karo lake lililodumu miaka limejaa ghafla. Nunua dawa isiyo na fomalini, au acha dawa kabisa na umwage boksi kila siku ya pili. Harufu ya siku mbili inavumilika.

Choo cha shimo nacho kinapokea, ukimwaga taratibu na mwenyewe akikubali. Usitumbukize pedi, nepi wala vitambaa vyenye unyevu vya kujifutia: vina plastiki, havitaoza, vinajaza shimo na kuziba mpira wa kunyonyea. Ukimaliza, osha sakafu, tia majivu, funika.

Na sasa kosa ninalolichukia kuliko yote. Msafiri akishamwaga boksi lake hutafuta pa kulisuuzia, na bomba la kijiji liko palepale. Analiweka chini ya koki, au mbaya zaidi anaingiza mpira wa bomba ndani ya boksi. Maji ya kijiji hukatika na kurudi. Yanapokatika, bomba linaweza kuvuta kurudi ndani, na kilichokuwa kwenye boksi kikaingia kwenye njia ya maji ya kunywa. Hata pasipo kuvuta, matone ya chooni yanabaki kwenye sakafu ambapo mtoto ataweka ndoo saa kumi na mbili asubuhi, kisha aitwike kichwani. Beba dumu lako la maji ya kusuuzia. Dumu hilo liwe na rangi yake na mpira wake, visikutane kamwe na vya maji ya kunywa.

Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimefanya kazi ya majitaka muda wa kutosha kuuchukua msemo huo kwa maana yake ya wazi kabisa.

Ukibanwa porini na huna choo garini, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, ambapo udongo una uhai mwingi, mbali na maji na mbali na njia, kisha fukia. Karatasi rudi nayo kwenye mfuko. Wapo wanaofundisha kuichoma. Katika misindano ya Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya serikali nchini, kiberiti cha Septemba kinaweza kula kazi ya miaka 20.

Nchi nyingine zimemrahisishia msafiri. Kambi za Ulaya zina mahali maalumu pa kumwagia boksi, pakiwa na bomba la kusuuzia lililotengwa na la kunywa. New Zealand ilipitisha sheria 2023 inayodai kwa kawaida gari linalolala nje ya kambi katika ardhi za halmashauri liwe na choo kilichofungwa ndani. Kwenye TANZAM zipo kambi za kupokea magari haya, kama shamba la Kisolanza kabla ya kufika Mafinga ukitokea Iringa, lakini kituo cha wazi cha kumwagia maji taka ya magari sijakutana nacho njiani. Si kazi ya mabilioni. Kituo cha mafuta chenye karo imara kinahitaji sakafu ya saruji yenye mteremko, mfuniko, bomba moja la kusuuzia na kibao cha bei. Malori yanayolala foleni kwenye mizani yangefaidika kuliko hata watalii. Halmashauri zinaweza kuliweka sharti hilo kwenye vibali vya vituo vipya, na ningependa za Mufindi na Makambako ziwe za kwanza.

Mama wa Nyololo hakungoja halmashauri. Nilipopita tena kwake, magari mawili yalikuwa uwanjani, na nikamsikia akiwapokea wenyewe. Baada ya kamwene na habari za safari, aliuliza swali moja: "Mmebeba ya sabuni au ya choo?" Ya sabuni aliwaelekeza kwenye matete ya kulishia ng'ombe, upande usioteremkia bondeni. Ya choo aliwaambia wasubiri watoto waende shule, kisha waje na dumu lao.