Madigadi, Viplefti na Injini Iliyonoki

"Waitu dada, nitumie shokapu za mbele za Noah, bolijointi ya chini upande wa dereva, na bushi za stabilaiza. Mpe konda wa Haisi ya saa nane."

Simu ya namna hiyo ikiingia kutoka Muleba, mimi huku dukani Bukoba mjini nauliza namba ya chesisi tu, basi. Maboksi ninayoteremsha kwenye rafu yameandikwa shock absorber, ball joint, stabilizer bushing. Fundi hakutamka hata moja kama lilivyoandikwa, na bado mzigo unafika ukiwa ndio wenyewe. Wapo wateja waliosoma ambao, wakisikia mazungumzo haya, hucheka na kusema mafundi wanakiua Kiingereza. Mimi mwenye kula kwa kuyasikiliza maneno hayo naona vingine: fundi anakipinda Kiingereza mpaka kikae kwenye kazi yake, na anakipinda kwa kanuni.

Kanuni ya kwanza ni ya sauti. Kiswahili hakipendi neno liishie na konsonanti, wala konsonanti zirundikane. Kwa hiyo bolt ikapewa mkia ikawa bolti, na gearbox ikawa giaboksi. Differential, neno refu kwa mtu aliyelala chini ya gari na oili inamdondokea usoni, lilikatwa likabaki difu. Shock absorber ina majina mawili: shokomzoba na shokapu, na dukani kwangu yote mawili yananunua spea ileile. Radieta ikawa rejeta, na kwetu Kagera, ambako l na r hupishana mdomoni, utasikia hata lejeta.

Kanuni ya pili ni ya sarufi, na hapa ndipo fundi anaponifurahisha zaidi. Mudguard ya baiskeli ilipoingia, masikio ya Kiswahili yalisikia "ma" mwanzoni yakaihesabu kuwa ya wingi. Basi zikiwa mbili ni madigadi, ikiwa moja ni digadi. Kibao cha barabarani kilichomwamuru dereva "keep left" kwenye mzunguko kilizaa kiplefti, na kwa kuwa kina "ki" kama kiti na kisu, wingi wake ukawa viplefti. Hakuna kamati iliyokaa kuamua hayo. Ngeli zenyewe ziliyapokea maneno na kuyapa nafasi.

Vitenzi navyo vinanyumbulika vilevile. Betri inachaji, imechajiwa, haichajiki. Fundi akiniambia "haichajiki" sina la kuuliza: hata ukiiweka kwenye chaja usiku kucha, betri hiyo imefika mwisho. Mwingereza angehitaji sentensi nzima kusema alichosema fundi kwa neno moja, tena kwa mzizi wa Kiingereza chake mwenyewe.

Kanuni ya tatu ni ya maana. Kwa Kiingereza, injini ikifanya "knock" ina mlio wa kugonga. Huenda mafuta yanaungua nje ya wakati wake, huenda beringi zimelika, lakini gari bado linatembea. Kwa fundi wa Muleba, injini iliyonoki imekufa: haizunguki, inangoja kushushwa. Neno limehama kutoka kwenye dalili hadi kwenye kifo, na sababu yake naijua. Mwenye gari husikia mlio akaongeza sauti ya redio, na fundi huletewa gari likiwa limevutwa kwa kamba. Akifungua anakuta beringi zimekula shafti. Siku hizi hata mtu aliyechoka kupita kiasi husema amenoki.

Pengine fundi hulikataa neno la boksi kwa sababu lake ni bora. Maboksi huandikwa RH na LH, yaani kulia na kushoto. Lakini kulia kwa nani? Aliyesimama mbele ya gari akitazama boneti ana kulia kwake, aliyeketi kwenye usukani ana kwake. Mafundi wakamaliza ubishi: upande wa dereva, na upande wa abiria. Msemo huo unateleza pale Rusumo, wilayani Ngara, yanakopita malori ya Rwanda. Rwanda huendesha kulia mwa barabara, na gari lililotengenezwa kwa ajili ya barabara zao lina usukani kushoto. Fundi akinipigia kuhusu lori kama hilo, swali langu la kwanza ni usukani uko wapi.

Anayedhani upindaji huu ni ujinga wa watu wasiosoma atazame Waingereza na Wamarekani wenyewe. Nati waliipa jina la kokwa. Mashine ya kutembea kwa minyororo Wamarekani waliiita kwa jina la kiwavi, na mwaka 1925 kampuni mbili za matrekta zilipoungana huko California, kiwavi huyo akawa jina la kampuni: Caterpillar. Sisi tukalichukua jina la kampuni, tukalitandaza, na leo tingatinga lolote linalosukuma udongo, liwe limetoka Japani au China, ni katapila. Watu wa ufundi kokote waliko hufanya hivyo, kwa kuwa vitu vipya hufika kabla ya majina.

Kwa mafundi ujenzi upindaji umekwenda mbali zaidi. Lintel ya Kiingereza ni boriti fupi iliyo juu ya mlango au dirisha. Lenta ya fundi wa Bukoba ni mkanda wa zege na nondo unaozunguka nyumba nzima, na "nyumba imefika lenta" ni hatua ambayo kila anayejenga anaijua gharama yake. Baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016, ambalo taasisi ya jiolojia ya Marekani ililipima kuwa la ukubwa wa 5.9, watu wa hapa hawakuhitaji kueleweshwa sana faida ya mkanda huo. Unazifunga kuta pamoja ardhi inapotikisika, kazi ambayo boriti fupi ya juu ya dirisha haiwezi. Hapa neno lililonyooshwa linadai nyumba bora kuliko lile la asili.

Lakini liko neno moja ambalo nataka tuwe nalo makini, nalo nalisikia kila siku kwenye duka la jirani la vifaa vya umeme: shoti. Kiingereza kina maneno mawili. Short ni waya wa moto kugusana na wa nyutro, umeme ukafurika. Shock ni umeme kupita mwilini mwa mtu. Kwetu yamekuwa neno moja, na mteja hununua sakiti breka akiamini kwamba hapo watoto hawatapigwa shoti tena.

Hesabu inakataa. Breka ya ampea 10 hukata umeme unapozidi kiwango hicho. Mwilini, umeme wa sehemu 30 za elfu ya ampea tayari ni hatari kwa moyo, kiasi ambacho ni kidogo kuliko ampea 10 kwa zaidi ya mara 300. Mtu anaweza kufa na breka isishtuke. Kinacholinda mtu ni kifaa kingine, kile kinachokata umeme ukianza kuvuja, ambacho mafundi hukiita kwa herufi zake, RCD, pamoja na waya wa ardhi uliofungwa vizuri.

Hata hivyo, sishauri tuanze kutamka kama wao. Dawa tunayo tayari kwenye sarufi yetu, kwa sababu mafundi wazuri husema "nyaya zimepiga shoti" na "mtu amepigwa shoti". Tofauti yote imo kwenye kauli ya kutendwa. Breka ni ya nyaya zinazopiga. Ya mtu anayepigwa ni RCD. Ukienda dukani, mwambie muuzaji unataka kuzuia ipi kati ya hizo mbili, na kama ni zote, ulipie vyote viwili.