Moshi wa Kiwanda Hupimwaje?



Katika mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, iko kata iitwayo Mafiga. Milimani huko, pande za Matombo na Mkuyuni, wenzetu nao hulima karafuu. Na mjini vilijengwa viwanda vingi katika miaka ya 1970 na 1980. Mafiga ya jikoni hayaombi kibali. Tanuri la kiwanda huomba. Je, mpaka u wapi?

Huko Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ilifuatwa na kanuni za viwango vya hewa za 2007. Kisha kanuni za tathmini, zilizorekebishwa 2018, zilipanga miradi kwa madhara yake. Kundi A halina budi kufanyiwa tathmini kamili. B1 ni ule wa mpakani: huchunguzwa kwanza, na waweza kutakiwa tathmini kamili. B2 ni wenye madhara madogo. Mbali na hayo liko kundi maalumu.

Marekani hupima kwa tani. Kwa kawaida, kiwanda kiwezacho kutoa tani 100 za uchafu wa hewa kwa mwaka huitwa chanzo kikubwa. Kwa sumu zilizoorodheshwa, ni tani 10 za aina moja, au 25 za aina zote pamoja. Litazameni sana neno "kiwezacho". Hawahesabu moshi wa jana, bali ule ambao mtambo ungetoa ukiwaka usiku na mchana mwaka mzima, isipokuwa kibali kimeuwekea mpaka.

Sisi wa Visiwani tunayo Sheria yetu ya Mazingira ya 2015. Basi wanachama wakitaka kushirikiana kujenga mtambo wa kutoa mafuta ya makonyo kwa mvuke, kama ufanyavyo kwa ukubwa kiwanda cha Wawi, Chake Chake, wakumbuke kwamba mvuke hautoki bila moto. Kabla ya kulipa hata senti moja, yapasa kujua mambo matatu: tanuri litachoma nini, kiasi gani kwa siku, na kwa saa ngapi. Majibu hayo wayapeleke mapema kwa wakuu wa mazingira, wala wasipunguze hesabu ili waonekane wadogo. Mtambo uliokwisha kujengwa ni ghali kuubomoa.

Mambo hayo matatu ndiyo mafiga yetu, na wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu.