Haki Isiyojulikana Haidaiwi: Chama cha Walimu na Wajibu wa Kuwapasha Habari Wanachama

Na Mratibu wa Miradi ya Dayosisi

Kamati za sharika zinapojadili elimu, mara nyingi mazungumzo huwa ni ya madarasa, madawati, vyoo na nyumba za walimu. Hayo ni mambo ya msingi, na wafadhili wetu wameyachangia kwa moyo. Lakini ndani ya darasa yupo mwalimu, ambaye ni mfanyakazi mwenye mwajiri, mkataba, mshahara na, mara nyingi, chama. Makala hii inaeleza jinsi chama cha walimu kinavyofanya majadiliano, na kwa nini mwanachama kupata taarifa sahihi kwa wakati ni jambo kubwa. Suala hili linatugusa sisi pia, kwa kuwa wengi wetu tumo katika kamati na bodi za shule, na dayosisi zina shule ambazo walimu wake wameajiriwa na Kanisa.

Chama kilikotoka

Mwaka 1964 vyama huru vya wafanyakazi vya Tanganyika vilivunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na chama kimoja, NUTA. Baadaye ikaja JUWATA, na mwaka 1991 ikaundwa OTTU. Chama cha Walimu Tanzania (CWT) kilisajiliwa mwaka 1993. Kwa upande wa mikataba ya kimataifa, Tanzania iliridhia Mkataba Na. 98 wa Shirika la Kazi Duniani, unaohusu haki ya kujadiliana kwa pamoja, mwaka 1962, na Mkataba Na. 87, unaohusu uhuru wa kujiunga na vyama, mwaka 2000.

Wafanyakazi wa kiwanda huonana kila siku mlangoni. Walimu wametawanyika katika kila kijiji, na shule nyingine ina walimu wanne au watano tu. Ndiyo maana CWT ina viongozi katika ngazi ya wilaya, mkoa na taifa, na wawakilishi wake shuleni. Kwa mwalimu wa kawaida, mwakilishi wa shuleni ndiye sura ya chama. Kama yeye hana taarifa, basi kwa walimu wa shule hiyo chama hakipo, hata kama makao makuu yanafanya kazi usiku na mchana.

Majadiliano yanavyokwenda

Sheria ya Majadiliano katika Utumishi wa Umma ya mwaka 2003 imeweka mabaraza ya pamoja ambamo wawakilishi wa Serikali na wa chama huketi meza moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, inasema chama chenye wanachama walio wengi katika eneo husika kina haki ya kutambuliwa kuwa msemaji pekee wa wafanyakazi wa eneo hilo. Pande zote mbili zinatakiwa kujadiliana kwa nia njema. Aidha, chama kinachotambuliwa kinaweza kumtaka mwajiri atoe taarifa zinazohitajika ili majadiliano yawe na maana.

Ni muhimu kutofautisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa. La kwanza ni dai la haki iliyokwisha kuwepo, kwa mfano nauli ya likizo ambayo haikulipwa, au malimbikizo ya mshahara baada ya kupandishwa daraja. La pili ni dai la maslahi mapya, kwa mfano kuongezewa mshahara au kuanzishiwa posho. Dai la kwanza hupelekwa kwenye vyombo vya kusikiliza malalamiko na kuamuliwa kwa mujibu wa sheria. Sheria hairuhusu kuligomea. Dai la pili hujadiliwa mezani, na likishindikana hata baada ya usuluhishi, ndipo sheria inaruhusu mgomo kwa masharti maalumu, yakiwemo kura ya wanachama na taarifa ya saa 48 kwa mwajiri.

Mwaka 2012 ulionyesha uzito wa masharti hayo. Walimu walidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa walimu wa sanaa, na asilimia 30 kwa wanaofanya kazi katika mazingira magumu. Mgomo ulianza tarehe 30 Julai. Tarehe 2 Agosti Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iliamua kwamba mgomo huo haukuwa halali, na walimu wakatakiwa kurudi kazini. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu madai yale. Lakini mwalimu aliyeelezwa mapema hatua za kisheria na hatari zake alikuwa katika hali tofauti kabisa na yule aliyefuata mkumbo kwa kusikia redioni.

Asilimia zinazochanganya

Mfano mwingine ni mishahara. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza nyongeza ya asilimia 23.3 ya kima cha chini kwa watumishi wa umma. Mishahara ya Julai ilipotoka, watumishi wengi walishangaa kuona nyongeza ndogo kuliko waliyoitarajia. Baadhi walidhani wamepunjwa. Ukweli ni kwamba asilimia ile ilihusu kima cha chini, yaani mshahara wa ngazi ya mwisho kabisa, na waliokuwa juu ya ngazi hiyo walipata nyongeza ya viwango vingine. Tarehe 1 Mei 2025 ilitangazwa tena kwamba kima cha chini kingepanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo, sawa na asilimia 35.1. Hapo pia mwalimu aliyekuwa tayari anapata zaidi ya kima hicho hakutakiwa kupiga hesabu ya asilimia 35.1 juu ya mshahara wake.

Tangazo la aina hii lisipofafanuliwa siku ile ile, uvumi hujaza nafasi. Mwalimu hukopa akitegemea fedha ambazo hazitakuja. Duka kijijini hupandisha bei kwa sababu "walimu wameongezewa". Ufafanuzi wa ukurasa mmoja uliobandikwa ofisini kwa walimu ungeokoa mengi.

Mlango sahihi, siku sahihi

Eneo ambalo ukosefu wa taarifa huumiza zaidi ni muda wa kudai haki. Mwalimu wa shule binafsi, zikiwemo shule za Kanisa, anayeona ameachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Migogoro ya aina nyingine ina siku 60. Aliyechelewa hulazimika kwanza kuomba aruhusiwe kwa kueleza sababu za kuchelewa, na anaweza kukataliwa.

Mwalimu wa Serikali ana njia nyingine. Masuala ya nidhamu na kupandishwa madaraja yako chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015. Tangu marekebisho ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2016, mtumishi wa umma hana budi kumaliza kwanza ngazi za rufaa zilizomo ndani ya utumishi wenyewe kabla ya kutumia njia za sheria za kazi. Kwa hiyo mwalimu wa Serikali anayeshauriwa na rafiki akimbilie Tume ya Usuluhishi anaweza kurudishwa, huku siku za rufaa yake halisi zikiendelea kuhesabiwa. Huyu hatakuwa ameshindwa kwa kukosa haki, bali kwa kukosa mtu wa kumwelekeza mlango.

Makato na uwajibikaji

Wako walimu wanaouliza, na wana haki ya kuuliza: fedha zetu zinafanya nini? Kwa miaka mingi makato ya CWT yamekuwa asilimia 2 ya mshahara. Sheria ya 2004 inaruhusu pia makubaliano ambayo kwayo asiye mwanachama hukatwa ada ya uwakala, kwa kuwa naye hunufaika na majadiliano. Lakini ada hiyo haiwezi kuzidi ya mwanachama, hutunzwa katika akaunti ya pekee, na haiwezi kutumika kuchangia chama cha siasa wala mgombea. Hesabu za chama hutakiwa kukaguliwa na kuwekwa wazi kwa wanachama. Mwanachama anaweza pia kusitisha idhini ya makato kwa taarifa ya mwezi mmoja.

Chama kinachoeleza mapema kilichojadiliwa, kilichokubaliwa na kilichokataliwa huaminiwa hata kinaporudi na kidogo. Chama kinachonyamaza hushukiwa hata kilipofanya kazi nzuri. Jambo hili kamati zetu zinalifahamu vizuri kutokana na mapato na matumizi ya usharika.

Kwa shule zetu wenyewe

Sheria ya Ajira inabana shule ya Kanisa kama inavyombana mwajiri mwingine yeyote. Mwalimu hapaswi kufukuzwa kwa uamuzi wa kikao kifupi baada ya ibada. Anatakiwa kuelezwa tuhuma, kupewa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, kusikilizwa, na kusindikizwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Likizo ya mwaka ni siku 28. Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku 84, au siku 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kazi ya Kanisa ni wito, lakini wito haufuti mkataba.

Tunashauri kila kamati na bodi ya shule ifanye yafuatayo kabla ya toleo lijalo:

1. Kuhakikisha kila mwalimu tuliyemwajiri ana maelezo ya ajira yake kwa maandishi.

2. Kubandika mahali pa wazi tangazo la haki za mfanyakazi. Hili ni takwa la sheria kwa kila mwajiri, si hisani.

3. Kumpa mwakilishi wa chama ubao wa matangazo, na nafasi ya kukutana na wanachama bila kuharibu vipindi.

4. Kumruhusu mwakilishi kuhudhuria mafunzo na vikao vya chama. Sheria inampa muda wa kutosha kwa kazi hiyo akiwa analipwa.

5. Kuwashirikisha walimu katika taarifa za fedha za shule. Mshahara ukichelewa, waelezwe sababu na tarehe kabla hawajauliza.

Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: nyumba ya mwalimu mliyoijenga itakaa na mwalimu kama mwalimu huyo anaona anatendewa haki na anajua pa kupeleka lalamiko lake. Gharama ya ubao wa matangazo na nauli ya mwakilishi mmoja kwenda wilayani ni ndogo sana ukilinganisha na gharama ya kumpoteza mwalimu wa hisabati katikati ya mwaka. Mnapopitia bajeti za shule mnazozisaidia, tunaomba mlitazame fungu hilo, na mahali ambapo halipo, mtuulize.